Diski Nne kutoka Kibaigwa

Masinjisa ameniachia kibanda hapa Chang'ombe:
runinga mbili, pedi tano (moja haikati kushoto),
na daftari la madeni lenye majina ya utani matupu.
Yeye yuko Kibaigwa, anapima mahindi ya watu.
Juzi kanitumia diski nne ndani ya mfuko wa unga.
"Zijaribu kwanza, dada. Usiwape watoto kitu usichokijua."
Basi nazijaribu usiku, luku ina uniti saba,
nazipangusa unga kwa pindo la kanga.

Ya kwanza ni ya magari.
Mji hauna jina, lami inang'aa kama imepakwa samli,
na ukigonga ukuta gari linajirudi lenyewe, jipya,
halidaiwi na fundi yeyote.
Nimezunguka dakika ishirini natafuta vumbi.
Hakuna. Hata tuta hakuna.
Mji gani huo, hapiti mtu na ndoo?
Nimeshinda mbio mbili, nikasinzia.

Ya pili, maiti zinatembea.
Mlango wa tatu nilizima,
nikakaa gizani nasikiliza upepo wa Julai
ukiparua bati, na mbwa wa mzee Chilewa.
Watoto nitawaambia imekwaruzika.

Ya tatu ni mpira, na mpira ndio unaolipa kodi.
Mia tano mechi, aliyefungwa anampisha mwenzake.
Hii imeshapita mikononi mwa watu:
ndani nimekuta timu iliyobatizwa upya, herufi kwa herufi.
Babu Zabibu. Fundi Saa. Mdeni Sugu.
Winga wa kulia ni Shemeji,
na golini kasimama Mama Nyemo, ana ndevu.
Nimecheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta.
Sijui walikuwa vijana wa wapi,
kama bado wanasalimiana,
kama huyo Mdeni alilipa.
Nimechezea timu yao, nimefungwa saba,
Mama Nyemo hakudaka hata moja.
Sikufuta jina.

Ya nne ni ya kulima.
Hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi.
Unapewa shamba, jembe, mbegu, kisima kisichokauka.
Unamlaza mkulima wako, unamwamsha,
mmea umefika kiunoni.
Na mvua! Mvua inakuja kwa ahadi, kama mshahara:
siku ya tatu, siku ya saba, siku ya kumi.
Mimi niliyekulia Hombolo,
niliyeona uwele ukipandwa mara tatu msimu mmoja
na mara ya tatu mama akiazima mbegu
kwa mtu aliyekuwa hasalimiani naye,
nilitaka kuirushia runinga ndala.
Nikapanda nyanya. Zikaota zote.
Hata ndege hakuja kudonoa.
Nikapanda tena, kwa hasira, hadi saa nane.

Asubuhi akaja Chedego, mchunga mbuzi,
mkononi mia mbili iliyolowa jasho.
Pedi hakuitaka.
"Weka ile ya mvua," alisema. "Wameniambia ipo."
Nani kamwambia? Kuta za mabati hazina siri.
Akasimama mlangoni, fimbo kwapani,
hakuuliza shamba ni la nani wala nyanya bei gani.
Aliangalia matone tu, yanavyopiga paa lile la picha,
yanavyojikusanya njiani, yakatafuta bonde.
Nyuma yake mbuzi wakalitafuna ganda la diski ya maiti.
Sikuwafukuza.

Masinjisa alipiga simu katikati ya hayo: zikoje?
Nikamwambia magari hayana barabara yetu,
mpira usiuguse, una wenyewe,
na hii ya kulima haitaingiza kitu, ni hasara,
lakini siirudishi.
"Kwa nini?"
Mtandao ukakata, au nilikata mimi.

Kwenye runinga jua likatoka.
Chedego akageuka, mara ya kwanza kunitazama usoni.
"Mlaze tena," akasema.
Uniti mbili nukta nne.
Nikamlaza.