Taa ya Akiba

Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la vioo, Barabara ya Kirinyaga.
Ramani ya nchi tumeibandika ukutani kwa plasta ya vidonda,
maana gundi haikuwa kwenye bajeti.
Kerubo amechomeka pini kila mahali mkono utakapopokea mkono,
pini mia tatu na kumi na mbili:
Turkana zimeachana kama meno ya ajuza,
Kisii zimebanana hata karatasi imechanika.

Simu hailali.
Machakos wanauliza nani atalipa kwaya.
Wajir wanauliza maji.
Mheshimiwa fulani anataka kuushika mwenge hatua ishirini tu,
lakini penye kamera.
Mimi naandika: mafuta ya taa, lita arobaini. Tambi.
Viatu namba nne, jozi moja, vya mwanafunzi wa Mwingi
aliyetuandikia kwamba atakimbia pekupeku, tusijali.
Tumejali.

Mwenge umetoka Kamukunji, kwa fundi Mulwa,
aliyeifua shaba huku akifoka
kwamba walioichora hawajawahi kushika kitu cha moto.
Akautia mpini wa mbao, bila malipo, bila ruhusa.
Kisha akanivuta kando, akanipa chemli ndani ya gunia:
"Nayo uiwashe kwa moto uleule.
Upepo hausomi ratiba."

Basi siku ya kwanza, bendi ingali inasikika nyuma yetu,
hata Kangemi hatujafika,
mvua ikashuka bila kubisha.
Mwenge ukatoa moshi mmoja, mwembamba, kama mtu anayeomba radhi.
Mkimbiaji akasimama. Pikipiki ya polisi ikasimama.
Nikaruka kutoka nyuma ya pikapu na gunia langu kifuani.
Mama muuza mahindi akauacha moto wake mwenyewe ulowe,
akatufunika sote kwa mwavuli wake wenye mbavu tatu.
Kiberiti hakikuguswa. Tambi ikabusu tambi.
Hakuna aliyepiga makofi; walioona walikuwa saba.

Jioni Kerubo anapiga chapa ripoti.
Umbali: kilomita kumi na tisa.
Matukio: hakuna.
Ananitazama juu ya miwani. Nami natazama ramani.

Chemli iko chini ya meza, inapumua,
zamu ya kuilinda ni yangu hadi alfajiri.
Mfukoni nina karatasi ya yule mama:
mahindi manne yaliyolowa, shilingi mia moja na sitini.
Nalitafuta fungu la kulipia.
Usafiri? Usalama? Burudani?
Saa sita ya usiku bado sijaandika kitu.