Asiyetaka Kutajwa

Mimi ndiye mshika daftari la matanga
hapa Chavakali, mwaka wa kumi na moja sasa.
Naijua mistari yake kama mtu ajuavyo kizingiti chake gizani:
Endovo, mia mbili.
Logose, jogoo mmoja na kilo mbili za sukari.
Kwaya ya akina mama, sufuria za kuazima na mia saba.
Mwalimu Kisia, elfu moja, ahadi.
(Ahadi ya Kisia, ingekuwa mtoto, ingekuwa darasa la tano.)

Huyasoma kwa sauti, kipaza sauti kikikoroma,
na kila jina nililosoma lina shingo.
Hunyooka kidogo likitajwa,
kisha huinama kwa unyenyekevu
uliofanyiwa mazoezi nyumbani.
Nimeziona shingo. Nimezicheka kimoyomoyo.
Nikaapa: siku nikitoa mimi, nitatoa bila shingo.

Akafa Mmbone, muuza maziwa,
akaacha watoto wanne na ng'ombe mwenye chongo.
Nikatia elfu tatu katika bahasha,
bonasi yote ya majani chai,
nikaandika kwa mkono wa kushoto
mwandiko usije ukanisaliti:
Asiyetaka kutajwa.
Nikaisukuma chini kabisa kikapuni.
Tenda wema, wahenga walisema, nenda zako.
Nami nikaenda zangu,
hatua sita,
hadi kwenye kipaza sauti.

"Asiyetaka kutajwa," nikasoma. "Elfu tatu."
Kisha nikanyamaza.
Hapakuwa na haja ya kunyamaza.
Jogoo wa Logose sikumnyamazia.
Umati ukaguna, mgunio mzito, mtamu,
ukapita juu ya turubai kama mvua iliyoghairi,
na mzee mmoja wa mbele akasema,
"Huyo ni yule kijana wa Lugadiru, aliye Mombasa.
Tangu utotoni ana moyo."

Kijana wa Lugadiru!
Aliyeniazima baiskeli akairudisha bila kengele!
Nikashikwa na wivu mbele ya jeneza,
wivu wa mtu anayelia kuibiwa
kitu alichokitupa mwenyewe.

Jioni, watu wakitawanyika,
nilimkuta Kageha nyuma ya jiko
akiusugua mguu kwa jani la mgomba.
Tangu alfajiri alikuwa akipanda na kushuka chemchemini,
ule mteremko wa mawe, mtungi kichwani.
Nikamuuliza kwa upole wa kanisani,
"Mama, nikuandike, au hutaki?"

"Andika," akasema. "Tena andika vizuri.
Magoti haya yakinigomea
nataka ijulikane nani wa kuniletea maji."

Nikaandika: Kageha, mitungi kumi na tisa.

Akachungulia. Kusoma hajui, hesabu anaijua.
"Ishirini. Mmoja ulimwagika mlangoni,
lakini nilikuwa nimeshaubeba."

Nikafuta. Nikaandika ishirini.
Katika daftari lote hilo, kurasa mia na kitu,
sijui kama kuna mstari mwingine
ninaoweza kuuapia.

Sasa shule zimefunguliwa.
Binti mdogo wa Mmbone hupita langoni kwangu
kabla jua halijawa kali,
na viatu vipya, vyeusi, vya kufunga kwa kamba.
Viatu havijui bahasha.
Havikuuliza nilinyamaza kwa nini pale kwenye kipaza sauti;
vinamtosha vilevile, hata kisigino hakimchubui,
na tope la Chavakali, lisilochagua mtu,
linabaki nje.

Hunisalimu, "Shikamoo."
Nami humjibu nikiwa nimeutazama uso wake,
uso tu, najikaza.

Akishapita
natazama viatu.