Lita Tatu za Dizeli

Mimi si mwanafunzi. Hilo liwe wazi.
Kazi yangu ni jenereta, nyuma ya ukumbi wa mihadhara,
kibanda cha mabati kinachonuka moshi na popo.
Kiswahili nilikiokota Malaba nikishusha saruji.
Kiingereza cha chuo ni kama mvua ya Wanale:
naiona ikinyesha kule juu, huku Mbale nalowa nusu.
Lakini mifano ya Yesu, ah,
ile haihitaji digrii.

Alhamisi nane mfululizo, saa moja jioni,
Dakta Wandeba na chaki yake
(projekta iliungua Pasaka, hawajanunua nyingine).
Wiki ya kwanza, mpanzi.
Alisema udongo wenye mawe ni moyo mgumu.
Nikacheka peke yangu dirishani.
Njoo Bududa, Dakta, uone kahawa ya mama
inavyoshika jiwe kwa mizizi yote
isije ikaondoka na mlima.
Kwetu udongo laini ndio unaoua.

Wiki ya tatu, kondoo aliyepotea.
Binti mmoja wa Soroti, Akiteng, akauliza
wale tisini na tisa waliachiwa nani.
Dakta akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.
Swali likatoka naye mlangoni, bado lina njaa.

Wiki ya tano, wanawali kumi.
Umeme ukakatika saa mbili kasoro robo.
Nikazungusha mkono wa chuma; mashine ikakohoa, ikakohoa,
ikanguruma. Taa zikarudi,
watu wakapiga makofi kana kwamba nimefufua mtu.
Nikarudi dirishani pangu.
Alikuwa amefika kwenye chupa za mafuta:
wale wenye busara walikuwa na haki ya kukataa,
maana imani haiazimwi, kila mtu na chupa yake.
Nikatikisa kichwa kukubali.
Nilikubali kweli.

Ndipo akaja Nambozo, mkunga wa zahanati ng'ambo ya ukuta,
gauni limelowa hadi magotini, dumu la njano mkononi.
Hakuna mulembe, hakuna habari za nyumbani.
"Mtoto ametanguliza mguu," alisema.
"Jenereta yangu kavu. Namulika kwa simu,
na simu imebaki asilimia nne."

Tangini mlikuwa na lita tatu.
Nilihesabu, nisidanganye:
mhadhara mzima hadi sala ya kufunga,
na kijiko cha akiba.
Kwenda kwa wauzaji? Wauzaji wako barabara ya Tororo,
mvua hii, matope haya,
na mguu wa mtoto hausubiri risiti.

Nikazima.
Nikafungua mfuniko, nikanyonya mpira kwa mdomo,
dizeli ikanijaa ulimi; ladha yake ninayo hadi leo.
Nyuma yangu ukumbi mzima ukapiga miluzi gizani,
kisha sauti ya Dakta: "Wamimbi! Mafuta yameisha?"
Nikajibu kwa Kiswahili changu cha saruji:
"Yapo, Dakta. Yamehama."

Sijui nani aliona kwanza.
Ng'ambo ya ukuta dirisha moja likawaka,
dogo, la manjano, likitetemeka.
Viti vikakwaruza. Wote wakasogea upande ule,
mia moja na kitu, bila neno,
na Dakta katikati yao, chaki bado mkononi.

Mtoto ni msichana. Mama yake alihitaji damu, akapelekwa hospitali kuu,
akarudi baada ya siku tisa, mwembamba.
Mimi mhasibu alinikata elfu kumi na tano.

Jumatano, kabla ya mhadhara wa talanta,
Dakta Wandeba aliinama akaingia kibandani.
Hakunisifu, hakunikemea.
Aliniuliza: kama bwana harusi angefika usiku ule,
angebisha mlango upi?
Nikamwambia sijui, mimi ni wa jenereta.
Akageuza dumu tupu, akalikalia.
Tukasikiliza popo.