Karatasi Kumi na Tisa

Umeuliza ninampenda mwandishi gani kuliko wote,
nawe umesimama mlangoni na suruali ya kupunguzwa.
Keti, Onzima. Suruali ingoje.
Swali kama hilo halijibiwi kwa mguu mmoja.

Yupo huyu hapa, chini ya mkasi,
anayeandika kana kwamba nukta zinauzwa ghali:
sentensi inaanza alfajiri, inavuka mto Enyau,
inawasalimia watu wa Mvara mmoja mmoja,
na jua linazama kabla haijapata pa kuketi.
Mwaka mzima nilimchukia.
Kisha nikaugua malaria, nikalala siku nne,
na homa ikanifundisha mwendo wake.
Simwazimi mtu mwenye haraka.

Yupo na mama mmoja, jina lake silijui,
jalada lilikatika kabla halijanifikia.
Katika hadithi zake hakuna anayekufa.
Watu huchelewa tu.
Huchelewa harusini, huchelewa kuomba radhi,
barua hufika ng'ombe wa mahari wakishazaa.
Kila nikimsoma huinuka
nikaenda kumlipa mtu deni lake.

Hicho cha mashairi usikiguse bado.
Kinanuka iliki kwa sababu ya Zamzam wa Oli,
asomaye huku akikoroga kahawa kwa mkono wa kushoto.
Ukurasa wa arobaini una duara la kikombe,
na ndani ya duara limebaki neno moja, "subira".
Anaapa hakukusudia.
Mimi namwambia alikusudia.

Lakini umeuliza kuliko wote.
Basi sogeza kiti, ufungue lile gunia la simsim.
Usiogope, halijaona simsim miaka sita.

Hiki.

Nilikikuta sokoni kikiwa kinapungua.
Muuza karanga alikuwa akikichana kutoka nyuma,
karatasi moja, karanga za shilingi mia tano.
"Tangu asubuhi nimeuza kumi na tisa," akaniambia kwa fahari.
Nikanunua kilichobaki.
Nikazunguka soko zima la Arua nikiinama
kama mwanamke aliyedondosha hereni,
nikaokota karatasi moja tu, imelowa mafuta,
yanasomeka maneno mawili: "akacheka mpaka".

Hadithi yenyewe ni ya mjane.
Mwisho wa kilichobaki ameshika kitasa,
nje kuna mtu anabisha,
na hapo ndipo walipoanza kula karanga.

Nimewaazima watu thelathini na mmoja.
Sharti ni moja: ukikirudisha, uniambie nani anabisha.
Ayikoru, mkunga wa Ediofe, alisema ni mtoto
aliyetumwa chumvi.
Mwalimu Adriko alisema ni mume mwenyewe,
vita humsingizia mtu kifo.
Zamzam alisema hakuna mtu, ni upepo,
lakini mjane alifungua hata hivyo, ndiyo maana akacheka.
Kijana mmoja kutoka kambini,
aliyeleta begi nimshonee zipu,
alikaa nacho siku mbili.
"Mimi nisingefungua," akasema.
Akalipia zipu. Sikumuuliza zaidi.

Sasa, mwezi uliopita shemeji yangu
alinitafutia nakala kamili Kampala.
Ile pale juu ya kabati, ndani ya bahasha.
Nawaambia watu sijaifungua.
Wewe nikwambie kweli: niliifungua usiku mmoja,
nikafika kwenye kitasa, moyo ukinidunda,
umeme ukakatika,
na mimi, ninayelaani umeme wa mji huu kila siku ya Mungu,
nikasema ahsante gizani.

Haya, nawa mikono kwanza.
Kipokee kwa chini, mgongo wake umechoka.
Suruali itakuwa tayari Alhamisi,
kitabu usikiharakishe.

Inchi ngapi ulisema nipunguze?