Rafu ya Chini, Kushoto

Bwana Ingutia alistaafu Ijumaa,
akafa Jumanne ya mwezi uliofuata,
akazikwa Shinyalu na mafaili mia tatu kichwani.
Mimi nilikabidhiwa ufunguo.
Ufunguo tu.

Mwaka mzima nilipiga chafya
katika masjala ya ardhi, hapa Kakamega,
nikitafuta shamba la mtu chini ya jina la shemejiye,
Isukha ndani ya jalada la Butsotso,
na mzee mmoja mwenye koti la kijani
akija kila Jumatatu kuniuliza, "Bado?"
Bado. Miaka sita, bado.
Kisha Jumatatu moja alikuja mwanawe, amevaa lile koti.

Nilijifunza, basi. Na nilipojua, nikanyamaza.
Aliyeonja njaa hufunga ghala.
Nilipenda simu inilie nikiwa likizoni,
mkuu wa idara mwenyewe: "Rispa, mama, liko wapi?"
"Rafu ya chini, kushoto, nyuma ya katoni ya sabuni."
Nikikata simu nilikuwa nimerefuka kidogo.

Walitupeleka semina, hoteli yenye vitambaa mezani.
Kijana wa Nairobi akauliza
ni nini kitatutia moyo tugawane maarifa.
Tukaandika kwenye vikaratasi vya rangi:
posho, cheti, kupandishwa ngazi.
Mimi niliandika posho mara mbili.
Tulikula kuku, tukatia saini, tukarudi
kila mtu na droo yake, kila droo na kufuli.

Halafu akaja Mideva, wa kandarasi, mshahara wa kuchelewa.
Jioni moja alisimama mbele ya meza yangu,
mikono nyuma kama mtoto wa shule.
"Faili la yule mama wa Lurambi
nimelipoteza mimi. Si panya, si wa zamu ya jana. Mimi.
Nimetafuta siku tatu. Nifundishe unavyotafuta."

Miaka ishirini na sita katika jengo lile
nimesikia wakishtakiwa panya, mvua, mtandao, marehemu.
Neno "mimi" sikuwa nimelisikia.

Nilifungua droo,
nikatoa daftari la jalada gumu
lenye jina langu juu, utadhani kaunti yote ni yangu.
"Leta kiti," nikamwambia.

Wiki ya tatu alinirudishia.
Pembeni, kwa penseli nyepesi, nyepesi kabisa,
alikuwa amenisahihisha mahali pawili.
Nilikasirika hadi langoni.
Mvua ya Kakamega, isiyokosa kazi hata siku moja,
ilikuwa imeanza. Nikajibanza kwa fundi wa viatu,
nikalifungua tena: ukurasa wa kumi na tisa. Wa arobaini.

Msichana alikuwa sahihi.
Na namba ile ya ukurasa wa arobaini
ilikuwa ya mwenye koti la kijani.

Nilirudi ndani nimelowa
kumwambia jina la mwanawe.