Alama ya Theluji

Namanya ameinama mbele ya dashibodi,
anabonyeza kitufe chenye alama ya theluji.
Theluji, hapa Ntinda, saa saba mchana!
Tundu linakohoa vumbi, basi.
"Kiyoyozi kimekufa. Punguza milioni tatu."

Namwambia: gari hili huvuliwa paa kama kofia,
mbingu nzima ni feni,
baridi ya kununua ya nini?
Anacheka. "Kwenye foleni ya Jinja Road, mzee,
nyuma ya lori la makaa,
utalivua?"

Sijibu. Kusema kweli
tulilivua mara mbili kwa miaka tisa:
siku ya harusi ya Kobusinge,
na siku tulipohamisha friji ya mama,
imesimama wima kiti cha abiria,
mkanda kifuani,
watoto wa Kiwatule wakiipungia mikono.

Hayo hayaandikwi kwenye kadi ya gari.
Namanya anahesabu noti kwa kidole chenye mate.
Pungufu milioni tatu.
Napokea.

Anatoka getini, paa limefungwa, vioo juu,
jasho limeshamfika kwenye kola,
na kidole chake, namwona,
kinairudia ile theluji.