Sufuria Isiyo na Mkono

Mimi ndiye katibu. Kalamu ni yangu,
daftari ni la chama, jalada limeliwa na mende
pale palipoandikwa Tusaidiane Nachingwea.
Mwenyekiti kaniagiza: andika yaliyofanyika,
utani uache nje pamoja na ndala.
Nimejaribu.

Jumamosi ya kwanza baada ya malipo ya korosho
tulifyeka nyasi za zahanati.
Upande wa Stendi walianzia langoni,
Upande wa Relini wakaanzia chooni
(reli yenyewe iling'olewa kabla sijazaliwa,
jina likabaki, kama kovu la ndui).
Wakakutana karibu na bomba la maji.
Nani kavuka nusu? Likaletwa futi la fundi Mkwinda,
nalo limekatika inchi nne za mwanzo.
Mkwinda ni wa Relini. Basi, ikawa kesi.

Wodi ya wazazi tuliipaka chokaa.
Stendi walimaliza ukuta wao saa nne,
Relini saa nne na robo, lakini mikono miwili.
Bi Somoe Nambunga akapitisha kidole ukutani kwa wenziwe,
akakitazama kilivyokuwa cheupe, akauliza:
"Huu mmeupaka chokaa, au mmeupaka poda?"

Kombe letu ni sufuria isiyo na mkono.
Ilisalia kwenye msiba, mwenyewe hakujitokeza.
Mshindi huitunza mwaka mzima,
na mshindi huyohuyo huwapikia mbaazi walioshindwa.
Nani alitunga sheria hii? Kumbukumbu hazisemi;
ukurasa huo ulifungiwa karanga.

Chilumba wa Relini alisimama juu ya karai:

Wenzetu mnajitapa, jembe mpini hamna,
Kufyeka mnaogopa, nyoka na siafu tena,
Chokaa mnaitupa, ukuta haujanona,
Sufuria tutawapa, mbaazi tutaziona?

Bi Esha Likwata hakungoja makofi yaishe:

Hilo futi la kukopa, inchi kadhaa halina,
Kila mkishindwa hapa, hamkosi la kunena,
Reli yenu walitupa, na jina mkang'ang'ana,
Mje mle bila pupa, vijiko tutagawana.

Mwenyekiti alicheka mpaka miwani ikadondoka.
Hilo sikuliandika. Naliandika sasa.

Halafu ikaja siku ya kuchangia damu.
Chilumba, ulimi wote ule,
alipoiona sindano alikaa chini taratibu
kama mtu aliyekumbuka deni.
Bi Esha ndiye aliyempepea kwa kanga,
akamnywesha soda yake mwenyewe,
akahakikisha ameingia kwenye hesabu ya Relini:
"Mwandikeni. Nisije nikasingiziwa nimeshinda kwa uchawi."

Stendi chupa kumi na tisa.
Relini chupa kumi na tisa.
Muuguzi akahesabu boksi: thelathini na tisa.
Akahesabu tena, kwa kidole, kwa sauti.
Thelathini na tisa.

Tangu hapo chama hakilali.
Relini wanadai ni ya binamu yake Mkwinda aliyekuja kutoka Ruangwa.
Stendi wanasema hata kama ni ya binamu,
alishukia wapi? Si stendi?
Kikao cha mwezi wa nane kilivunjika kwa hoja hiyo,
kikao cha mwezi wa tisa kilianza nayo.

Nyumba yangu ina milango miwili:
wa mbele unatazama stendi,
wa uani unafungukia njia ya reli ambayo haipo.
Asubuhi ile nilitangulia, kabla ya foleni.
Muuguzi aliniuliza, "Wewe wa upande gani?"
Nikamwambia choma tu, mama, watu wanakuja.

Mstari huo kwenye daftari nimeuacha mtupu.
Sufuria, kwa kuwa haina mwenyewe, inakaa kwa katibu.
Mke wangu anachemshia maji ya kuoga, huishika kwa tambara,
naye kila akiiepua hunitazama.

Wanachama ni arobaini na mmoja.
Nimepiga hesabu ya mbaazi na nazi.
Nikisema, ni mimi wa kupika.